Kivuli Kilichoshonwa Ndani Nje

Ijumaa iliyopita tulimwacha Fundi ameshika mkasi. Mumewe alikuwa amesimama miguu peku kwenye sakafu ya chumba cha kushonea, pale jua linapoingilia mlangoni, na alikuwa ametoka kusema maneno ambayo yamewafanya nusu yenu mniandikie barua za matusi.

"Mlango ulionikata kivuli haukuwa wa ghala," alisema. "Ulikuwa wa nyumba ya dada yako."

Kwa wewe uliyekuwa safarini, au uliyepangusia madirisha gazeti la wiki jana, nikupe kwa ufupi. Bwana huyu ni mpakarangi. Siku saba zilizopita alirudi nyumbani asubuhi kivuli chake kikiwa kimekunjwa kwapani, akasema lango la chuma la ghala analolipaka rangi lilijifunga ghafla likamkata visiginoni. Katika mji huu hata mtoto wa chekechea anajua: saa sita ya mchana ikikukuta huna kivuli, huioni alasiri. Bahati yake, mkewe ni fundi cherehani. Akamshona pale pale, kwa uzi aliouchomoa kwenye pindo la kivuli chake mwenyewe, kwa sababu kivuli hakishikwi na uzi wowote isipokuwa wa mtu anayekupenda.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo seremala asingelifanya, wala muuza mboga. Fundi wa nguo hushona upande wa ndani ukiwa nje, akimaliza huigeuza nguo. Mikono ya mama huyu imefanya hivyo miaka kumi na saba, na siku ile ya hofu na haraka ikafanya hivyo tena. Alikuja kukumbuka kwamba kivuli hakigeuzwi kama suruali wakati fundo la mwisho limeshafungwa.

Tangu siku hiyo, kila alichokificha mumewe ndani kinatoka nje. Ukimwuliza anajibu, na anajibu kweli, atake asitake. Tena mshono wa namna hiyo haudumu. Siku ya saba, saa sita kamili, unaachia wote kwa mpigo.

Leo ni siku ya saba, na saa ya ukutani inasema saa nne kasorobo.

Fundi aliuweka mkasi mezani.

"Uchukue," mumewe akasema. "Tafadhali, mke wangu. Jua linapanda."

"Ulikwenda kufanya nini kwa dada yangu asubuhi ile?"

"Usiniulize. Nifumue, unishone, halafu uniulize."

"Halafu utakuwa umegeuzwa. Utanidanganya vizuri kama zamani."

Mumewe aliuma midomo mpaka ikawa myeupe. Haikumsaidia kitu.

"Nilikwenda kumwambia kwamba nataka kukuacha."

Najua, kuna msomaji hapo anasema mwanamke mwenye akili angenyamaza, angechukua mkasi na kufanya kazi. Msomaji huyo hajawahi kusimama mbele ya mume asiyeweza kudanganya. Fundi alivuta kiti akaketi.

"Unaniacha kwa ajili yake?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zile zilizoangusha ukuta wa shule. Miezi minane."

"Mmelala pamoja?"

"Hapana." Akashusha pumzi, akidhani ameponea hapo. Lakini ukweli ukishaanza kutoka hausubiri kuitwa. "Nilitaka. Kila siku nilitaka."

"Na mimi nilikuwa nakufulia mashati yako ya rangi."

"Ulikuwa unayafua vibaya," akasema, kisha akafumba macho. "Hilo sikukusudia kulisema."

Kivuli chake, ambacho asubuhi kilifika kwenye kanyagio la cherehani, sasa kiliishia kwenye kapu la vitambaa. Fundi alikiona. Alijua kila swali linakula jua, na kwamba akiuliza sana atabaki na majibu yote bila mume. Akauliza tena.

"Ulinioa kwa nini?"

"Nilikuonea huruma. Ulikuwa umekaa peke yako kwenye harusi ya rafiki yako, unapindia gauni la bibi harusi lililofumuka, na wengine wote wanacheza. Nikasema, huyu atafurahi na chochote."

Fundi alijibu kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba amesikia.

Wakati huo huo mtu akaingia bila kupiga hodi. Alikuwa dada yake mwenyewe, msusi, mwenye saluni ng'ambo ya barabara, bado amevaa aproni yenye vitana mfukoni. Wamepishana miaka saba. Mama yao alipofariki, huyu ndiye aliyembeba Fundi mgongoni na kumpeleka shule.

"Hujamshona bado?" Dada akauliza. "Saa tano hiyo inakuja."

"Nilikuwa nasikiliza habari zako, Dada."

Dada alimtazama shemeji yake. "Umemwambia?"

"Ameniuliza," mpakarangi akasema.

"Umemwambia na jinsi nilivyokutoa?"

Fundi akageuka. "Alikutoaje?"

"Alinisukuma nje akaubamiza mlango. Mimi nilikuwa nimeshavuka, kivuli kilikuwa bado kizingitini."

"Kwa nini akusukume?"

"Alisema wewe ni mdogo wake, hawezi."

Mngetegemea maneno hayo yampoze. Yalimchoma kuliko yote yaliyotangulia. Dada angekuwa mwizi, Fundi angemchukia, akamaliza. Sasa alikuwa na dada aliyemwachia mume, kama mtu anavyomwachia mdogo wake kipande cha mwisho cha nyama, na mume aliyebaki nyumbani kwa hisani ya mtu mwingine.

Fundi aliinuka. Akachota pini nne mezani, akazibana kwenye pembe ya midomo kama kawaida yake, akapiga magoti nyuma ya visigino vya mumewe na kuanza kufumua. Mkasi ulikwenda haraka. Kivuli kiliachia, kikalala sakafuni kikiwa kimekunjamana. Mpakarangi alitetemeka, maana mtu aliyetenganishwa na kivuli husikia baridi hata juani.

Fundi alisimama, akatega kivuli chake kwenye mwanga, akachokoa pindo lake kwa ncha ya sindano na kuchomoa uzi mweusi mwembamba. Akautunga. Akapiga mshono wa kwanza, akauvuta.

Ukakatika.

Akachomoa mwingine. Ukakatika. Wa tatu ulikatika kabla hata haujakaza.

"Unavuta kwa hasira," Dada akasema.

"Nimeshona kwa hasira maisha yangu yote. Uzi haujawahi kukatika."

Mpakarangi alielewa kabla yao. "Wiki iliyopita ulishika," akasema. "Wiki iliyopita ulinipenda."

"Wiki iliyopita sikuwa nakujua."

Ilikuwa saa tano na dakika kumi. Dada alitoa kwenye aproni sindano yake iliyopinda, ile ya kushonea nywele, akachomoa uzi kwenye pindo la kivuli chake, akainama na kupiga mshono mmoja kwenye kisigino cha shemeji yake. Akauvuta kwa nguvu. Akauvuta tena, kivuli kikainuka sakafuni kikimfuata mkono wake.

Ulishika barabara.

Watu watatu walikuwa chumbani na hakuna aliyejua aangalie wapi.

"Bora ungekatika," Fundi akasema.

"Na mimi niliomba ukatike."

"Unampenda kiasi hicho?"

"Unaona mwenyewe." Dada alikuwa bado ameushika uzi. "Nilidhani nimekwisha kulimaliza penzi hili. Sasa niambie, nimshone au nisimshone? Nikimshona kwa uzi wangu atakuwa amefungwa na wangu, na kila atakapopiga hatua utajua ni wa nani."

Fundi alikaza meno kwenye pini zake. Akafikiria kusema ndiyo. Akafikiria pia, na hili alilifikiria kwa muda mrefu kuliko inavyofaa, kusema hapana, akae kitini na kutazama saa mpaka sita ifike.

"Mwulize yeye anataka uzi wa nani," akasema mwishoni.

Dada alimgeukia. "Shemeji. Unataka wa nani?"

"Wowote utakaonishika," mpakarangi akajibu. "Mimi nataka kuishi tu."

Dada mtu na mdogo mtu walitazamana. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo walikuwa upande mmoja.

"Wowote," Dada akarudia polepole. "Na miezi minane uliyokaa kwenye benchi la saluni yangu?"

"Tafadhali usiniulize."

"Nimeshauliza."

"Ulikuwa unacheka nikizungumza. Nyumbani nazungumza na mwanamke mwenye pini mdomoni. Naingia na habari za siku nzima, ananitazama, anatikisa kichwa, anakanyaga cherehani. Kwako nikisema neno unacheka." Machozi yalikuwa yanamlengalenga lakini mdomo uliendelea na kazi yake. "Angekuwa mtu mwingine yeyote anayecheka, ningekwenda kwake. Wewe ulikuwa karibu. Ni kuvuka barabara tu."

Hakuna aliyeugusa uzi. Ulikatika wenyewe, pale kisiginoni, kwa mlio mdogo ambao wote watatu waliusikia.

Dada alitazama kipande kilichobaki kwenye sindano yake. Kisha aliketi sakafuni, mwanamke wa miaka arobaini na tatu, akajifunika uso kwa aproni.

Basi mambo yakawa hivyo. Ilikuwa saa tano na nusu mchana, mji umejaa watu, na hapakuwa na hata mmoja anayempenda mpakarangi kiasi cha kumshonea kisigino. Wazazi wake walishafariki na mtoto hana. Wenzake wa kazini wangemchangia jeneza, tena zuri, lakini uzi wasingekuwa nao.

"Basi nitakufa," akasema. Hakulalamika. Alikuwa anajibu swali ambalo wote walikuwa nalo.

Fundi alizitema pini kiganjani. Akazitazama zote nne, zimelowa mate.

"Hizi si za kazi," akasema. "Mto wa pini ule pale mezani, umejaa. Hizi naziweka nisikujibu."

Mumewe aligeuza shingo.

"Mwaka wa pili wa ndoa ulikuja na mpango wa kuchanganya rangi zako mwenyewe na kuziuza," Fundi akaendelea. "Ulikuwa mpango wa kijinga. Ningekuambia, tungegombana, na wewe ukigombana unalia. Mimi namdharau mwanamume anayelia. Nikaweka pini. Ulipotaka tuhame, nikaweka pini. Siku hizi nikisikia tu hatua zako barabarani nanyoosha mkono mezani."

"Nilijua unanidharau," mpakarangi akasema. "Ndiyo maana nilikwenda kulia kwake."

"Lingine. Siku uliporudi umebeba kivuli kwapani, kabla sijaogopa, nilifurahi. Nilisema moyoni, haya, sasa atanihitaji. Nilifurahi, mume wangu, kama mtu aliyeletewa zawadi."

Kumbukeni kwamba kivuli cha Fundi kilikuwa kimekaa sawasawa. Hakuna kilichomlazimisha. Maneno hayo aliyatoa mwenyewe, moja moja.

Mpakarangi alimtazama. "Wewe ni mtu mbaya," akasema, kwa mshangao wa kweli. "Miaka yote nilikuona mtakatifu. Nilikuwa nachoka kuishi na mtakatifu."

Fundi akacheka. Hakukusudia. Kilimtoka tu, kicheko cha ghafla, cha puani.

"Unacheka vibaya," mumewe akasema. "Kama bawaba isiyo na mafuta."

Alizidi kucheka mpaka akashika meza. Dada alishusha aproni usoni akawatazama wote wawili kama wamerukwa na akili. Nadhani kwa dakika ile walikuwa wamerukwa kweli.

Akiwa bado anafuta macho, Fundi alichokoa pindo la kivuli chake, akachomoa uzi, akatunga. Hakuutazama. Alipiga mshono na kuvuta, akingoja ule mlio.

Haukuja. Uzi ulikuwa mwembamba, una vifundo, wa aina ambayo akiuziwa dukani angeurudisha. Lakini ulishika.

Saa sita kasoro dakika ishirini na mbili.

"Kigeuze vizuri safari hii," mpakarangi akaomba upesi. "Upande wa nje uwe nje. Siwezi kuishi hivi, kila ninachosema kinamkata mtu. Nataka kurudi kuwa mtu mwema."

Fundi alikishika kivuli kwa mikono miwili, akakikung'uta na kukitandaza. Alijua vizuri upande upi ni upi. Akakilaza ndani nje.

"Unafanya nini?"

"Ulipokuwa mtu mwema nililala na nisiyemjua." Sindano ilikwenda na kurudi. "Utakaa hivi hivi. Ijumaa ijayo utasimama hapo tena, nitakufumua, nitavuta uzi. Ukishika nitakushona. Na Ijumaa nyingine vivyo hivyo."

"Na usiposhika?"

Fundi alipiga mshono mwingine, akaukaza.

"Huo ni ukatili."

"Ndiyo," Fundi akasema. "Simama wima."

Alishona kisigino cha kushoto, akahamia cha kulia. Jua lilikuwa karibu utosini na kivuli kimebaki kifupi, kinamwishia mkononi. Mpakarangi alipozungumza hakuwa analia, na Fundi aliligundua hilo.

"Basi na wewe ugeuzwe."

Sindano ilisimama.

"Mimi nimesema yote kwa kuwa sina njia," mumewe akasema. "Umenivua nguo mbele ya dada yako. Wewe umesema uliyoyachagua. Umechagua mangapi, matatu? Umebakiza mangapi? Ninaogopa kuishi na wewe ukiwa na pini na mimi sina. Nitabaki hapa, nitasimama kila Ijumaa, lakini na wewe ugeuzwe. La sivyo acha hicho kisigino kilivyo."

Na huyu bwana, msisahau, hawezi kutisha mtu kwa uongo.

Fundi alianza kuhesabu moyoni aliyoyabakiza. Alipofika kwenye kumi aliacha. Akafunga fundo la mwisho, akakata uzi, akainuka na kumwondoa mumewe pale juani kwa kumsukuma bega. Alivua ndara zake, akasimama yeye.

"Dada, umewashonea nywele nusu ya wanawake wa mji huu. Visigino viwili havitakushinda."

"Zimebaki dakika kumi na tano, mdogo wangu."

"Kwako zinatosha."

Dada alijikokota akapiga magoti. Macho yake yalikuwa mekundu lakini mikono ilikuwa imetulia, ni mikono ya kazi. Aliuchukua mkasi, na mkono wa pili akaupeleka kwenye pindo la kivuli chake mwenyewe.

"Nitatumia wangu," akasema. "Kwako wewe haukatiki. Hata leo, hata kwa haya yote. Nilikubeba mgongoni, ninajua."

"Wa kwake."

"Nani?"

"Wa mume wangu. Chomoa kwake."

"Una wazimu. Ukikatika hatuna muda wa kutafuta mwingine."

"Wangu umekatika mara tatu mbele ya macho yake," Fundi akasema. "Sasa ni zamu ya wake."

Dada alishusha mkasi. Akafikiri, na akaona njia. "Basi tumwulize kwanza. Hawezi kudanganya. Shemeji, hebu niambie, unam—"

"Usimwulize."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu atajibu."

Tangu saa nne kasorobo Fundi alikuwa amemwuliza mumewe kila swali ambalo mke anaweza kumwuliza mume, isipokuwa hilo moja. Aliogopa, nawaambia wazi, aliogopa kuliko mumewe alivyoogopa asubuhi nzima.

Mpakarangi alikuwa ameegemea meza ya kukatia, kivuli chake kibichi cha mshono mpya kimejikusanya miguuni. Hakuulizwa, lakini alisema.

"Mimi mwenyewe sijui."

"Kata," Fundi akasema.

Mkasi ulipita kisigino cha kushoto, kisha cha kulia. Haukuuma. Ni baridi tu iliyopanda kwenye nyayo, ikafika tumboni, ikakaa hapo. Dada alikigeuza kivuli cha mdogo wake ndani nje. Alikwenda kwa magoti hadi penye miguu ya shemeji yake, akachokoa pindo, akachomoa uzi wa urefu wa mkono na kuutunga kwenye sindano iliyopinda. Alirudi. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika saba, na hakuna aliyeitazama.

Akapiga mshono wa kwanza. Fundi alimtazama mumewe usoni, na mumewe hakuyakwepa macho yake.

Dada akauvuta uzi.